Rafiki yangu Myahudi anaolewa na hataki wapambe: sisi marafiki tunaingia wapi?

#1 Binti Muheza (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Niko New York na naomba msaada wa mwenye kulijua jambo hili kwa undani.

Nina rafiki yangu wa karibu sana, Myahudi, tuliyeanza naye kazi hospitalini. Anaolewa Jumapili moja mwezi wa kumi, sikukuu zao zikishapita. Sinagogi lao ni la Konsavativu, wale wa katikati, si Waothodoksi wala si Wareform. Alituita marafiki zake watano kwake akatuambia wazi: hatakuwa na matroni, hatakuwa na wapambe, hakuna sare, hakuna kuingia kwa mstari na maua mkononi. Bwana harusi naye hana besti. Hapo hapo akasema anatutaka ndani ya harusi yake, si kwenye viti vya wageni tu, na tumwambie tunapenda kufanya nini.

Tumebaki tunatazamana. Wawili wetu ni Wayahudi, mmoja Mkatoliki kutoka Ufilipino, mmoja hana dini, na mimi Mwanglikana. Kwetu ukisikia harusi haina wapambe unajua mambo ni madogo au bajeti imebana. Huku si hivyo, wageni watapita mia mbili. Nafasi zipi zipo kweli? Zipi anaruhusiwa asiye Myahudi? Sitaki kumpendekezea jambo litakalomgombanisha na rabi wake.

#2 Mzee wa Temeke

Binti, usijisumbue. Harusi isiyo na wapambe, marafiki ni waalikwa kama waalikwa wengine. Changieni, pendezeni, chezeni mpaka usiku. Mkianza kudai nafasi mtamchosha bibi harusi wa watu, na ana mengi ya kufikiria.

#3 Mama Toronto

Mzee wangu, shikamoo, ila hapo naomba nikupinge. Mimi niliingia dini ya Kiyahudi nikiwa mtu mzima, naishi Canada, na kwenye sinagogi letu nimeshashika kazi nyingi za aina hii.

Wapambe wa sare hawamo katika ibada ya ndoa ya Kiyahudi. Utawaona kwenye harusi nyingi za Wayahudi wa Marekani kwa sababu majirani zao wanao, na hakuna ubaya. Lakini waondoe wote, ndoa haijapungukiwa na chochote. Ukiondoa watu wa nje ya ukoo, ndoa haifungiki. Inataka mashahidi wawili, na sheria inakataza shahidi kuwa ndugu wa bibi harusi au wa bwana harusi, na wao wawili wasiwe ndugu wao kwa wao. Baba hafai. Kaka hafai. Mjomba hafai, hata awe mcha Mungu namna gani. Kwa hiyo watu wawili wanaohitajika kuliko wote, ukiacha maharusi wenyewe, kwa kawaida hutoka kwa marafiki.

Kazi yao inaanza kabla ya ibada, kwenye ketuba, hati ya ndoa iliyoandikwa kwa Kiaramu, inayotaja wajibu wa mume kwa mke. Wanaisaini. Wakifika chini ya hupa, kile kitambaa cha juu ya miti minne wanachofungia ndoa, rabi huwasogeza karibu na kuwaonyesha pete. Pete inatakiwa iwe ya dhahabu au madini mengine matupu, bila jiwe, ili thamani yake isilete shaka, na iwe mali ya bwana harusi mwenyewe. Anamvisha bibi harusi kidole cha shahada cha mkono wa kulia huku akitamka maneno yake, na mashahidi lazima waone kwa macho yao. Hapo ndipo ndoa inapofungwa, si kwenye hotuba ya rabi.

Bado kuna mlango. Mwisho wa ibada huvunjwa glasi; ikishavunjwa na watu wakapiga kelele za mazal tov, yaani hongera, maharusi huenda moja kwa moja kwenye chumba chao wawili, peke yao, mlango umefungwa. Panaitwa yihudi. Wengi huwa wamefunga tangu asubuhi, basi humo ndimo wanapotia kitu mdomoni kwa mara ya kwanza. Mashahidi wawili husimama mlangoni, hakuna wa kuingia, hata mama mzazi. Wayahudi wenye asili ya Ulaya ndio wanaolishika sana hili, Wasefaradi, wale wenye asili ya Hispania na Afrika Kaskazini, wengi hawafanyi hivyo siku ile.

Wenye marafiki wengi hugawa: wawili ketuba, wawili pete, wawili mlango. Watu sita hao, na hatujagusa mengine. Lazima wawe Wayahudi. Waothodoksi huchukua wanaume wanaoshika Shabati, Sabato yetu ya Jumamosi. Kwa Wakonsavativu marabi wengi wanakubali wanawake, wengine hawakubali, kwa hiyo rafiki yako amuulize wake mapema. Wale wenzako wawili Wayahudi waanze kufikiriwa hapo.

#4 Binti Muheza

Mama, asante sana, sikujua hata nusu yake. Na sisi watatu tuliobaki?

#5 Fundi wa Ukumbi

Dada, nifafanue upande ninaoufahamu. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi kwenye ukumbi wa harusi huku New Jersey, na wateja wetu wengi ni Wayahudi wa kila aina.

Hupa ndiyo nafasi ya kwanza kumwomba. Ni turubai dogo la kitambaa juu ya miti minne, na wengi huweka taliti, lile shuka la sala, mara nyingi la babu au la baba. Kuna hupa za kusimama zenyewe na kuna za kushikwa mkononi. Rafiki yako achague ya kushikwa. Watu wanne wanasimama pembe nne, hatua mbili kutoka kwa maharusi, ibada nzima, na hakuna sharti la dini kwa mshika mti. Nimemwona Mhindu, nimemwona Mwislamu, nimeona wenzetu kutoka Kisumu. Ukishika mti wa hupa unasikia kila neno linalonong'onwa pale chini. Wapambe waliopangwa mstari pembeni hawasikii hayo.

Ila shikeni haya. Miti iwe mirefu ya kufika sakafuni, msiibebe hewani. Ibada inaweza kwenda nusu saa na zaidi, mikono inatetemeka na kitambaa kinaanza kushuka vichwani mwa watu. Chagueni watu wa urefu unaokaribiana. Viatu virefu vyembamba kwenye majani ni balaa. Na fanyeni jaribio siku moja kabla, na taliti yenyewe, si kitambaa kingine, maana uzito unatofautiana.

Pili, viti. Wakati wa ngoma ya duara wanawainua maharusi juu wakiwa wamekaa. Hii kazi isiachwe iende yenyewe. Kila kiti kinataka watu wanne wenye nguvu, sita ni bora zaidi, na mmoja wa kutoa amri ya kuinua na kushusha. Washike miguu ya kiti na fremu ya chini, wasishike mgongo wa kiti. Kiti cha kukunja hapana kabisa. Mwambieni bibi harusi ashike kiti kwa mikono miwili, leso ya kushikana na mumewe itafuata wakishatulia.

Tatu, chakula cha kile chumba cha faragha. Kila mara wanasahau! Watu wamefunga kutwa nzima, wanaingia ndani wanakuta maji tu. Rafiki mmoja apewe kazi hiyo moja: sahani ya vitu wanavyovipenda, vinywaji, sindano na uzi, dawa ya kichwa, viwe ndani kabla ibada haijaanza. Asiye Myahudi anaweza kuifanya bila tatizo, akikubaliana na jiko kuhusu kosher, yaani chakula halali kwa Wayahudi.

#6 Mzee wa Temeke

Marahaba mama. Nimekusoma, na Fundi pia. Ila bado nina neno. Hizi ni kazi. Mpambe kwetu ni heshima: anatajwa, anasimama mbele, picha zake zinabaki. Mtu unamwambia "wewe utashika mti", "wewe utabeba sahani". Huoni kama mnawafanya wahudumu?

#7 Mama Toronto

Swali zuri, na nadhani ndipo tofauti yenyewe ilipo. Katika Talmudi, mkusanyo wa kale wa mijadala ya sheria za Kiyahudi, kitabu cha Ketuboti, wanajadili namna ya kucheza mbele ya bibi harusi. Wanasimulia kuhusu mwanachuoni mkubwa, Rav Shmuel bar Rav Yitzhak, aliyekuwa akicheza mbele ya maharusi na matawi matatu ya mhadasi mkononi, mpaka mwenzake akaona anawaaibisha wanazuoni. Alipofariki walikuja kumheshimu kwa jambo lile lile. Ukurasa huo huo wanamsifu mfalme Agripa aliyepisha njia msafara wa bibi harusi upite. Kumfurahisha bwana harusi na bibi harusi ni amri ya dini, haiachwi kwa MC na DJ. Kwa hiyo mtu anayekupa kazi siku ile amekupa heshima, na heshima yenyewe ndiyo kazi.

Na marafiki wa bwana harusi wana historia ndefu. Mishna, mkusanyo wa sheria ulio msingi wa Talmudi, kitabu cha Bava Batra sura ya 9, inawataja kwa jina la shoshbini. Rafiki huyu alileta mchango kwenye harusi ya mwenzake, na zamu yake ya kuoa ikifika, mwenzake alipaswa kumrudishia, kiasi kwamba angeweza kudai hata mbele ya baraza la hukumu.

#8 Mwalimu Kigoma

Kumbe daftari la michango ni la zamani hivyo! Kamati zetu zingelijua hili.

Naongezea kwa wasomaji wa Biblia: Yohana Mbatizaji anajiita rafiki wa bwana arusi, Yohana 3:29, anayesimama na kufurahi kwa sauti yake. Sasa nauelewa mstari ule kwa namna nyingine kabisa. Na Samsoni, Waamuzi 14, aliletewa rafiki thelathini kwenye karamu yake.

Swali la pembeni, Wayahudi wa huku kwetu wapo?

#9 Mama Toronto

Wapo, mwalimu. Uganda, karibu na Mbale, kuna Abayudaya, jumuiya iliyoanza na Semei Kakungulu mwaka 1919. Rabi wao Gershom Sizomu alipata daraja lake la urabi Los Angeles mwaka 2008. Nairobi nako kuna sinagogi la siku nyingi, pale University Way.

Nirudi kwa dada Binti, maana kuna nafasi za kusema na za kusoma, na sijazifikia.

Baraka saba, sheva brahot. Zinasomwa chini ya hupa baada ya pete. Siku hizi ni kawaida kuzigawa, kila baraka mtu wake, anaitwa kwa jina anasogea. Kwa Kiebrania zitasomwa na Wayahudi. Lakini marabi wengi wa Konsavativu na Reform huruhusu mtu mwingine asimame pembeni na kusoma tafsiri, au kutoa dua yake fupi inayofuata maana ya baraka ile. Mkatoliki wenu anaweza kuingia hapo. Akiingia, asome kilichopo. Asiongeze shairi la mtandaoni.

Kusoma ketuba. Inasomwa kwa sauti katikati, kutenganisha sehemu mbili za ibada, ile ya pete na ile ya baraka saba. Anayesoma si lazima awe shahidi, na hapa ndugu anaruhusiwa. Kiaramu chake si cha kubahatisha, kwa hiyo mpeni aliyezoea. Tafsiri fupi inaweza kusomwa na rafiki mwingine.

Hati ya serikali. Hii wengi hawaifikirii. Kwenye karatasi ya New York anatakiwa angalau shahidi mmoja pamoja na mfungishaji ndoa, na hapo hakuna anayeuliza dini yako. Dada Binti, kama ni mimi ningekuomba wewe ukasaini. Jina lako linakaa kwenye hati ya ndoa ya rafiki yako maisha yote.

Kabla ya ibada kuna tishi. Bwana harusi anakaa mezani na watu wake, anajaribu kutoa mafundisho, marafiki wanamkatiza kwa nyimbo. Wanamkatiza kwa upendo, kusudi asiyejua kuhutubia asiaibike. Kutoka hapo wanamsindikiza kwa ngoma mpaka alipokaa bibi harusi, naye anamfunika shela kwa mkono wake. Siku hizi wanawake wengi nao wanakuwa na meza yao. Hakuna zamu pale, wote mnaimba, na asiyejua Kiebrania anapiga makofi na kubeba kiitikio. Jifunzeni nyimbo mbili tatu mapema.

Na iko moja ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote kwa rafiki asiye Myahudi: mlinzi wa bibi harusi, shomeret. Ni desturi kwamba siku ya harusi bibi harusi haachwi peke yake. Kuna mtu yupo naye tangu asubuhi, anashika simu yake, anapokea ujumbe wa mama mkwe, anajibu maswali ya mpiga picha, anamkumbusha kusali, anamlinda asije akala kwa kusahau kama anafunga. Na kwa wanaoshika desturi ya kutoonana wiki nzima kabla ya harusi, ndiye anayepeleka habari kwa bwana harusi. Nilikuwa shomeret wa binti wa rafiki yangu. Mchana alilia nusu saa kwa ajili ya bibi yake aliyefariki mwaka ule, na mimi ndiye niliyekuwepo. Hiyo haimo kwenye picha yoyote.

#10 Shangazi Mvita

Nami nichangie kidogo. Wayahudi wa Yemeni na wa Moroko wana usiku wa hina kabla ya harusi. Kama upande mmoja wana asili hiyo, binti yetu usikae kimya, hina tunaijua. Lakini waulizwe wenyewe kwanza, na bibi wa nyumba ndiye wa kusema.

#11 Dada Kinondoni

Mimi nataka kuuliza lililo moyoni. Wapambe wana faida moja, kila mtu anajua nani ni nani. Ukigawa kazi, fulani shahidi, fulani mti, fulani sahani, watu wataanza kupima: kumbe mimi ni wa mlangoni, yeye ni wa ketuba. Urafiki unaweza kupata ufa.

#12 Mama Toronto

Unaweza kabisa, dada, nimeona ukitokea. Huwa unatokea kwa sababu mbili. Ya kwanza, watu wanaambiwa wiki ya mwisho, kwa ujumbe wa simu, kila mmoja kivyake. Ya pili, bibi harusi hasemi kwa nini amemchagua huyu kwa kazi hii. Shahidi wa ketuba hapimwi kwa ukaribu. Anafaa kwa sababu si ndugu, anashika dini, na rabi amemkubali. Unaweza kuwa na rafiki wa damu ambaye hafai kusaini kwa sababu tu ni binamu wa bwana harusi. Hilo lisemwe wazi mapema na hakuna atakayejiona amepitwa.

Halafu majina yaandikwe. Harusi nyingi zina karatasi ya mwongozo kwa wageni, kwa sababu nusu ya wageni hawajui kinachoendelea. Humo yaandikwe majina ya mashahidi, washika hupa, wasoma baraka, wote. Mzee wa Temeke, ule utajo uliokuwa unautaka ndio huo.

Onyo moja tu: nafasi zisitungwe. Nimehudhuria harusi ambapo kila rafiki alipewa kitu, mwingine kubeba mshumaa usio na kazi, mwingine kusoma barua ndefu chini ya hupa, mpaka bibi yake bwana harusi akaomba kiti. Kazi halisi zinatosha. Zikiisha, aliyebaki acheze kwa bidii. Marafiki wanakuja na matao ya maua, kamba za kuruka, barakoa, mabango, wanaruka mbele ya maharusi waliokaa kuwatazama. Mwenzenu asiye na dini anaweza kuwa kiongozi wa hayo yote, na yatakumbukwa kuliko mishumaa.

#13 Mzee wa Temeke

Nimeridhika. Binti, kamata hiyo kazi ya mlinzi.

#14 Binti Muheza

Wakuu, narudi na mrejesho. Tumekaa na rafiki yangu jana, nikamfungulia uzi huu na kumtafsiria. Alishangaa kwamba watu wa Temeke na Kigoma wanaipangia harusi yake. Akamwandikia rabi wake pale pale.

Rabi anakubali mashahidi wanawake. Mwenzetu mmoja Myahudi atasaini ketuba pamoja na rafiki wa bwana harusi. Wa pili ni binamu wa mbali wa bwana harusi, kwa hiyo rabi kasema asisaini, atasoma ketuba. Hupa itakuwa ya kushikwa, taliti ya marehemu babu yake. Mfilipino wetu kashika mti mmoja na tafsiri ya baraka ya mwisho. Rabi amekubali yote mawili, ila ikifika zamu ya kusoma, kaka wa bibi harusi ampokee mti. Asiye na dini kapewa ngoma na viti, na tayari ameshaanza kuwapigia simu watu wa mazoezi. Mimi nitakuwa mlinzi tangu asubuhi, sahani ya chumbani ni yangu, na hati ya serikali nasaini mimi.

Limebaki moja. Amesema baada ya harusi kuna chakula cha jioni kila siku mpaka siku saba zitimie, na marafiki ndio huandaa. Tunataka kuchukua Jumatano, kwangu. Inawezekana?

#15 Mama Toronto

Hongereni sana, nimefurahi mno.

Inawezekana. Siku saba zinahesabiwa kuanzia siku ya harusi yenyewe, kwa hiyo Jumapili mpaka Jumamosi. Ili baraka saba zisomwe tena baada ya chakula chako, wanatakiwa Wayahudi watu wazima kumi, na kati yao awepo mtu mpya, ambaye hakuhudhuria harusi wala milo iliyotangulia. Shabati ndiyo siku isiyohitaji mtu mpya. Kwa hiyo muulize rafiki yako kuna nani alikosa harusi, nesi wa zamu ya usiku kwa mfano, umwalike Jumatano.

Jiko lako si la kosher, usipike. Agiza kwenye mgahawa wenye cheti, chakula kije kimefungwa, na tumia sahani na vijiko vya kutupa. Nyama na maziwa visikutane, hivyo kama ni kuku, kitindamlo kisiwe na krimu. Mvinyo tafuta ulioandikwa mevushal kwenye lebo, yaani wa kosher uliopashwa moto, huo hauleti swali hata ukifunguliwa na asiye Myahudi. Zabibu, tende na machungwa mazima havina shida, weka tele.

#16 Fundi wa Ukumbi

Na dada, agiza mapema. Wiki ile baada ya sikukuu zao migahawa hujaa, kila mtu anaoa.